Albert Szent-Györgyi

Albert Szent-Györgyi (Budapest, Hungaria, 16 Septemba 1893 – Woods Hole, Marekani, 22 Oktoba 1986) alikuwa daktari na mwanabiokemia wa Hungaria. Ndiye aliyetenga vitamini C, na alichangia sana kueleza jinsi seli zinavyochoma chakula ili kupata nguvu. Kwa kazi hizo alipewa Tuzo ya Nobel ya Tiba mwaka 1937.

Wengi wanamkumbuka kwa vitamini C peke yake. Lakini mwaka 1936 yeye na wenzake walitangaza jambo jingine: kwamba kemikali za mimea zinazoitwa flavonoidi huimarisha kuta za mishipa midogo ya damu na kuizuia isivuje. Waliziita vitamini, na katika hilo hawakuthibitishwa. Jina hilo limekwisha kufutwa. Hata hivyo dai lao lilifungua uwanja wa utafiti ambao leo unahusu uvimbe wa viungo na seli za kinga, na ambao watu wenye maumivu ya magoti na vidole wanaufuatilia kwa matumaini, wakati mwingine kupita kiasi.

Ukoo na masomo

Alizaliwa katika familia yenye ardhi. Baba yake, Miklós, alijishughulisha na mashamba kuliko kitu kingine chochote. Elimu ilikuwa upande wa mama, Jozefina Lenhossék: babu József Lenhossék alikuwa profesa wa anatomia, na mjomba Mihály Lenhossék alifuata kazi hiyohiyo na kupata sifa kubwa. Mjomba huyo ndiye aliyekuwa na kauli ya mwisho kuhusu masomo ya watoto.

Albert hakuanza vizuri. Alichukia vitabu, na mjomba alimwona mzito wa akili. Alipokaribia miaka 16 akabadilika ghafla, akaanza kusoma kwa bidii na kusema anataka kuwa mwanasayansi. Mjomba alikataa kabisa. Kadiri alama zilivyopanda, ndivyo alivyolegeza masharti: kwanza alisema labda kijana angeweza kutengeneza vipodozi, baadaye labda kung'oa meno. Mwaka 1911 Albert akaingia kusomea tiba Budapest. Mjomba, ambaye mwenyewe alisumbuliwa na bawasiri, alimtaka aanze na uchunguzi wa njia ya haja kubwa, na kweli makala ya kwanza ya kisayansi ya Szent-Györgyi ilihusu sehemu hiyo ya mwili. Alikuwa akilisimulia jambo hili kwa kicheko hadi uzeeni.

Vita Kuu ya Kwanza

Mwaka 1914 aliitwa jeshini kama mhudumu wa tiba. Miaka miwili ya mahandaki ilimtosha. Alipata nishani ya ushujaa, lakini hakuona tena sababu ya vita ile wala ya vijana kufa kwa amri za watu waliokaa mbali. Mwaka 1916 alijipiga risasi kwenye mfupa wa mkono, akadai ni ya adui, akarudishwa nyumbani. Huko alimaliza masomo na kupata shahada ya udaktari mwaka 1917. Mwaka huohuo alimwoa Kornélia Demény; binti yao, Nelly, alizaliwa mwaka 1918.

Kutoka mji hadi mji

Hungaria iliyoshindwa vita ilipoteza sehemu kubwa ya ardhi yake. Szent-Györgyi alikuwa amepata kazi katika mji wa Pozsony. Mji huo ukawa wa Chekoslovakia na kuitwa Bratislava, naye akaondoka. Akazunguka: Prague, Berlin, Hamburg, kisha Uholanzi, kwanza Leiden na baadaye Groningen, ambako alikaa kuanzia 1922.

Groningen ndiko alikoanza kujiuliza swali ambalo mtu yeyote wa jikoni angeweza kuliuliza. Kwa nini tufaha, ndizi au kiazi kikikatwa na kuachwa wazi hugeuka rangi ya kahawia, lakini limau na kabichi havigeuki? Alijua kwamba weusi huo unatokana na oksijeni kushambulia kemikali za mmea. Basi mimea isiyogeuka rangi lazima iwe na kitu kinachouzuia mchakato huo. Alipochanganya maji ya matunda ya aina hiyo na kemikali zinazotoa rangi, aliona rangi inachelewa kidogo, kama sekunde moja hivi, kabla ya kutokea. Wengine wangeiacha sekunde hiyo ipite. Yeye aliamua kumtafuta anayeisababisha, na akakuta kitu chenye tabia hiyohiyo kwenye tezi adrenali, zile zinazokaa juu ya figo za wanyama.

Lakini profesa aliyemlea pale alifariki mwaka 1924, na mrithi wake hakuvutiwa na kazi hiyo. Fedha zilikwisha, mke na mtoto wakarudi kwao Hungaria, na Szent-Györgyi akakata tamaa kiasi cha kufikiria kujiua. Mwaka 1926 alihudhuria mkutano wa wanafiziolojia mjini Stockholm akidhani ni wa mwisho kwake. Akiwa amekaa ukumbini alisikia msemaji mkuu, Frederick Gowland Hopkins wa Cambridge, akilitaja jina lake kwa heshima. Baada ya hotuba alijitambulisha kwake, na Hopkins akamkaribisha Cambridge.

Vitamini C

Cambridge alipata shahada ya uzamivu mwaka 1927 na kufaulu kuitenga ile kemikali ikiwa fuwele. Ilifanana na sukari, lakini hakujua ni sukari gani. Alipotaka kuichapisha alipendekeza jina la utani lenye maana ya sukari isiyojulikana, mhariri akakataa. Akapendekeza jingine, la mzaha zaidi, lililomaanisha kwamba Mungu ndiye ajuaye. Mhariri hakucheka. Mwaka 1928 ikatoka kwa jina la asidi heksuroniki.

Ili kujua muundo wake zilihitajika gramu nyingi, na tezi moja hutoa kiasi kidogo sana. Alikwenda Marekani, katika Kliniki ya Mayo huko Minnesota, ambako machinjio makubwa ya ng'ombe yalimpatia tezi bila malipo. Kwa mwaka mzima alivuna kama gramu 25 tu. Nusu aliipeleka kwa mwanakemia Norman Haworth huko Birmingham, Uingereza, lakini haikutosha.

Serikali ya Hungaria ilimwita nyumbani, naye akachukua kiti cha profesa katika Chuo Kikuu cha Szeged, kusini mwa nchi. Mwaka 1931 alijiunga naye kijana Joseph Svirbely, Mmarekani mwenye asili ya Hungaria, aliyekuwa amefanya kazi ya kutafuta vitamini C katika maabara ya Charles Glen King huko Pittsburgh. Szent-Györgyi alimpa ile asidi aijaribu kwa simbilisi, wanyama ambao kama binadamu hawawezi kujitengenezea vitamini C na hupata kiseyeye wakiikosa. Waliopewa miligramu 1 kwa siku walibaki wazima. Wenzao walikufa kwa kiseyeye. Asidi heksuroniki ndiyo ilikuwa vitamini C.

King alichapisha tangazo kama hilo tarehe 1 Aprili 1932. La Szeged lilitoka tarehe 16 Aprili. Ugomvi wa nani alitangulia uliendelea kwa miaka mingi, na Marekani wapo waliohisi King alidhulumiwa. Kwa haki ni lazima kusema kwamba aliyeitenga kemikali hiyo mwanzo, miaka minne kabla, alikuwa Szent-Györgyi, ingawa wakati ule hakujua amekamata nini.

Tatizo la gramu lilitatuliwa mezani. Szeged ni mji wa pilipili nyekundu za paprika. Jioni moja mke wake alimwandalia pilipili mbichi, naye hakuwa na hamu ya kuila. Badala ya kusema hivyo, akakumbuka kwamba huo ni mmea pekee ambao hajawahi kuupima, akauchukua na kwenda nao maabara. Kufika usiku wa manane alijua pilipili hiyo imejaa vitamini C. Ndani ya wiki chache alikuwa na zaidi ya kilo nzima. Haworth alipata ya kutosha, akaeleza muundo wake mwaka 1933, na wawili hao wakaiita asidi askobiki, yaani asidi inayoondoa kiseyeye.

Umuhimu wake kwa viungo vya mwili ulieleweka baadaye. Bila vitamini C mwili hauwezi kutengeneza kolajeni imara, na kolajeni ndiyo kamba inayoshika ngozi, kuta za mishipa, mifupa na gegedu. Ndiyo maana mgonjwa wa kiseyeye hutokwa damu kwenye fizi na kuvimba magoti.

Vitamini P

Kabla ya kupata fuwele safi, Szent-Györgyi alikuwa amempa mgonjwa mmoja, aliyekuwa akivuja damu chini ya ngozi, mchanganyiko usio safi wa vitamini C. Mgonjwa akapona. Baadaye ugonjwa uliporudi, Szent-Györgyi alikuwa na vitamini C safi kabisa, akatarajia ifanye kazi vizuri zaidi. Haikufanya chochote. Mtu mwingine angelaumu ugonjwa. Yeye akasema dawa ilikuwa kwenye uchafu.

Akishirikiana na daktari István Rusznyák na wenzao wengine wa Szeged, alirudi kwenye maji ya limau na pilipili na kutafuta kitu hicho. Walichokipata kilikuwa mchanganyiko wa flavonoidi walioupa jina la sitrini. Ndani yake mlikuwa na hesperidini, ambayo ipo kwa wingi katika ile nyama nyeupe chini ya ganda la chungwa. Wagonjwa waliokuwa na vibaka vya damu kwa sababu ya kapilari dhaifu walipata nafuu. Mwaka 1936 matokeo yalichapishwa katika jarida la Nature, na kitu hicho kikaitwa vitamini P, herufi ya kwanza ya neno lenye maana ya upenyekaji wa kuta za mishipa. Herufi hiyo ilifaa pia kwa paprika.

Hapa ndipo kazi ilipokwama. Ili kitu kiitwe vitamini ni lazima ionyeshwe kwamba mwili ukikikosa hupata ugonjwa maalumu, na kwamba ugonjwa huo huondoka kikirudishwa. Majaribio ya kwanza kwa simbilisi yalionekana kuthibitisha hivyo, lakini yaliporudiwa hayakutoa matokeo yaleyale. Hakuna aliyeweza kuonyesha ugonjwa wa kukosa flavonoidi. Mwaka 1950 vyama vya wanabiokemia na wanalishe vya Marekani vilipendekeza jina la vitamini P liachwe, na likaachwa. Hata leo, hata hivyo, baadhi ya chupa za vidonge vya virutubisho bado hutaja jina hilo.

Kilichofutwa ni jina. Kwamba flavonoidi fulani huathiri mishipa ya damu hakukukanushwa. Diosmini, ambayo hutengenezwa kutokana na hesperidini, hutolewa na madaktari katika nchi kadhaa za Ulaya kwa wagonjwa wenye vena dhaifu za miguu na kwa wale wenye bawasiri. Mjomba Lenhossék angefurahi.

Tuzo ya Nobel na misuli

Tuzo ya mwaka 1937 haikuhusu vitamini C pekee. Szent-Györgyi alikuwa ameonyesha pia kwamba asidi kama ile ya fumariki haziliwi ndani ya seli kama kuni, bali hutumika tena na tena kuendesha moto wenyewe. Kazi hiyo ilimwandalia njia Hans Krebs, aliyekamilisha mzunguko unaofundishwa sasa katika biolojia ya sekondari kwa jina lake. Szent-Györgyi alikuwa Mhungaria wa kwanza kupata Nobel kwa utafiti uliofanyika Hungaria yenyewe. Haworth naye alipata tuzo ya kemia mwaka huohuo.

Baadaye aligeukia misuli. Yeye, Ilona Banga na Brunó Straub waligundua kwamba misuli husinyaa kwa sababu protini mbili, miosini na aktini, hushikana na kuvutana zikipewa ATP. Walitengeneza nyuzi za protini hizo ndani ya chombo cha kioo, wakadondosha ATP, na nyuzi zikajikunja mbele ya macho yao. Wapo wanaosema kazi hii ni kubwa kuliko ile ya vitamini C, na hoja zao si dhaifu. Ilifanyika katikati ya vita, kwa hiyo ilichelewa kujulikana nje.

Vita Kuu ya Pili

Ufini iliposhambuliwa na Umoja wa Kisovyeti mwishoni mwa 1939, Szent-Györgyi aliitoa medali yake ya dhahabu ya Nobel kuwasaidia Wafini. Iliokolewa na mnunuzi mmoja, na hatimaye ikarudi katika Makumbusho ya Taifa ya Hungaria.

Hungaria ilikuwa upande wa Ujerumani. Yeye hakuficha kuwachukia Wanazi, na Szeged aliwakinga wenzake Wayahudi kadiri alivyoweza. Mwaka 1943 alikwenda Istanbul, Uturuki, kwa kisingizio cha mhadhara wa kisayansi. Ukweli ni kwamba alikuwa amebeba ujumbe wa siri wa Waziri Mkuu Miklós Kállay kwa Waingereza na Wamarekani: Hungaria ilitaka kuachana na Hitler. Siri ilivuja. Hitler mwenyewe aliagiza akamatwe. Majeshi ya Ujerumani yalipoikalia nchi mwaka 1944 alianza kujificha, na ubalozi wa Uswidi ulimhifadhi kwa muda kwa kumpa uraia wa Uswidi. Aliishi kwa kuhamahama hadi Wasovyeti walipofika na kumtoa.

Kwa muda mfupi baada ya vita alionekana kuwa mtu ambaye nchi ingemjenga juu yake mustakabali wake. Alikuwa profesa Budapest, mbunge, na mmoja wa waliofufua Akademia ya Sayansi; wengine walimtaja kuwa anafaa kuwa rais. Lakini wakomunisti walizidi kushika hatamu, na aliona wazi kwamba nchi inatoka mkono mmoja kwenda mwingine. Mwaka 1947 akahama.

Marekani

Alifikia Woods Hole, kijiji cha pwani katika jimbo la Massachusetts chenye maabara maarufu ya biolojia ya bahari, na hakuhama tena. Alianzisha huko taasisi ya utafiti wa misuli, akapewa Tuzo ya Lasker mwaka 1954, na mwaka 1955 akawa raia wa Marekani. Alipenda kuogelea na kuvua samaki kwa ndoano kubwa kupita kiasi. Alisema ni afadhali kukosa samaki mkubwa kuliko kukosa mdogo.

Mke wake wa pili, Márta Borbíró, aliyemwoa mwaka 1941, alifariki kwa saratani mwaka 1963. Binti yake Nelly naye alikufa kwa saratani mwaka 1969. Tangu hapo saratani ikawa vita yake binafsi. Alidai kwamba siri yake imo katika mwendo wa elektroni ndani ya protini. Wataalamu wengi hawakushawishika, na wafadhili wa serikali walimkatalia fedha. Mwaka 1973 alishiriki kuanzisha mfuko wa taifa wa utafiti wa saratani uliotegemea michango ya wananchi. Nadharia yake haikuzaa dawa. Alipinga pia silaha za nyuklia na vita vya Vietnam, na mwaka 1970 alitoa kitabu juu ya hatari ya binadamu kujiangamiza.

Alifariki nyumbani kwake Woods Hole akiwa na miaka 93. Shule ya tiba ya Szeged ina jina lake.

Flavonoidi katika viungo na seli za kinga

Flavonoidi zinazojulikana ni zaidi ya 4,000. Zote zina mifupa ileile: atomi 15 za kaboni, pete mbili zilizounganishwa na daraja la kaboni 3. Kwersetini hupatikana kwa wingi katika vitunguu, luteolini na apijenini katika mboga za majani na viungo vya chakula, katekini katika majani ya chai, hesperidini katika machungwa na malimau.

Walichokiona Szent-Györgyi na Rusznyák, yaani kapilari kuvuja, ndiyo hatua ya kwanza ya uvimbe wa aina yoyote. Seli ikiumia, seli masti zilizo karibu hutoa histamini. Histamini hufungua nafasi kati ya seli za ukuta wa kapilari, maji na protini hutoka, na mahali pale huvimba, hupata joto na kuuma. Kuanzia miaka ya 1980 maabara zilionyesha kwamba kwersetini hupunguza histamini inayotolewa na seli za aina hiyo. Jambo hili halikuwashangaza waliojua historia ya kromoglikati, dawa ya pumu iliyogunduliwa miaka ya 1960: ilitokana na kemikali ya mmea wa Misri ambayo kiini chake kinafanana na kile cha flavonoidi.

Katika baridi yabisi mambo ni mazito zaidi. Mfumo wa kinga hushambulia utando unaotanda ndani ya kiungo, ambao kwa mtu mzima wa afya ni safu chache tu za seli zinazotoa ute wa kulainisha. Makrofaji huingia na kutoa sitokini, yaani protini za kupeana ujumbe, hasa TNF, interleukini 1 na interleukini 6. Fibroblasti za utando hupokea ujumbe huo, huongezeka, utando unanenepa, na fibroblasti hizo huanza kutoa vimeng'enya vinavyokata kolajeni ya gegedu. Seli za gegedu zenyewe, badala ya kujenga, hujiunga na ubomoaji. Mwishoni mfupa nao hulika, na vidole vinapinda.

Nyingi za amri hizo hupitia protini moja iitwayo NF-kB. Kwa kawaida hukaa nje ya kiini cha seli ikiwa imefungwa. Ishara ya hatari ikifika hufunguliwa, huingia kwenye kiini na kuwasha jeni za sitokini pamoja na ile ya COX-2, kimeng'enya kinachozuiwa na dawa kama ibuprofeni na diklofenaki. Kwersetini, luteolini, apijenini na katekini ya chai, zikiwekwa kwenye seli za kiungo au makrofaji katika maabara, hupunguza kufunguliwa kwa NF-kB. Matokeo yake TNF na interleukini hushuka, na vimeng'enya vinavyokata gegedu hupungua. Panya waliosababishiwa uvimbe wa viungo nao huonyesha nafuu.

Kutoka hapo hadi kwa mgonjwa kuna safari ndefu. Katika vyombo vya maabara seli huogeshwa kwa kiasi cha flavonoidi ambacho damu ya mtu aliyekula vitunguu haifikii hata kidogo. Tena utumbo na ini huzigeuza kemikali hizi haraka, na kinachozunguka mwilini mara nyingi si kwersetini yenyewe bali kwersetini iliyofungwa na sukari ya asidi, yenye nguvu ndogo zaidi. Yapo majaribio yanayoonyesha kwamba makrofaji katika sehemu iliyovimba huweza kuifungua tena, jambo ambalo lingeeleza kwa nini athari huonekana hata kiasi kikiwa kidogo. Watafiti hawajakubaliana juu ya uzito wa maelezo hayo.

Kwa binadamu ushahidi ni mdogo. Mwaka 2017 lilichapishwa jaribio la Iran lililohusu wanawake 50 wenye baridi yabisi. Waliopewa miligramu 500 za kwersetini kila siku kwa wiki 8 walipungukiwa na maumivu na ukakamavu wa asubuhi kuliko waliopewa vidonge bandia, na TNF katika damu yao ilishuka. Ni matokeo ya kutia moyo, lakini wagonjwa 50 ni wachache na wiki 8 ni muda mfupi kwa ugonjwa unaodumu maisha yote. Hakuna mwongozo wa tiba unaoziweka flavonoidi mahali pa methotreksati au dawa za kuzuia TNF, ambazo zimethibitika kuchelewesha kuharibika kwa kiungo. Tofauti hii ina uzito kwa mgonjwa anayeambiwa aache dawa za hospitali na kutumia mitishamba peke yake, kwa sababu gegedu na mfupa vikishalika havirudi, na uharibifu mara nyingi hufanyika katika miaka ya mwanzo ya ugonjwa. Machungwa, vitunguu na chai vinaweza kuliwa pamoja na dawa hizo. Vidonge vyenye flavonoidi nyingi ni suala jingine, kwani baadhi hubadilisha jinsi ini linavyoshughulikia dawa, na daktari anapaswa kuambiwa kabla.